Maarifa ya Pori na Daftari la Karani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa chama, Tabora)



Nimeombwa niseme habari za kilimo na utunzaji wa nchi kama walivyoujua wazee wa huku Unyamwezi na majirani zao. Huenda wengine watashangaa kwa nini jambo la jembe na mzinga liletwe mbele ya watu wa kalamu, ambao wengi wetu viganja vyetu vimesahau mpini. Jawabu langu ni hili: maarifa hayo, yapende yasipende, siku hizi hupita mezani petu. Yasipoandikwa huhesabiwa kuwa hayapo. Na yakiandikwa vibaya huharibika upesi kuliko yale ambayo hayakuandikwa kabisa. Hilo la pili ndilo nitakalo kulisema hasa, maana la kwanza mmekwisha kulisikia mara nyingi.

Nianze na njia yenyewe, ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo ikafika hapa, kisha ikagawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine kaskazini kwenda Nyanza. Burton na Speke walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, na vitabu vingi huanza habari zetu siku hiyo, kana kwamba hapo awali palikuwa patupu. Lakini Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani kwa miguu yao wenyewe kabla ya hapo, na kushuka kwao kulikuwa na kalenda. Mpagazi aliondoka mavuno yakiisha kuingia ghalani, akasafiri wakati wa kiangazi, akajitahidi kurudi kabla mvua haijaanza, ili awahi kulima. Wakati wa safari mashamba, watoto na akiba ya chakula vilikuwa mikononi mwa wanawake, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maarifa nitakayoyataja ilikuwa kwanza maarifa ya wanawake, ijapokuwa mara nyingi yamesimuliwa na wanaume.

Njia ile ilileta pia uovu, wala haifai kuuficha. Watumwa walipitishwa humo kwa minyororo. Ilileta na mimea. Mpunga, muhogo, ndimu, na hii miembe tunayopumzika chini yake bila kuuliza ni nani aliyeipanda, ilienea pamoja na misafara na watu wa pwani waliokaa huku. Nataja hayo kwa kuwa husemwa mara kwa mara kwamba maarifa ya wazee ni kitu kilichosimama mahali pamoja tangu Adamu. Sivyo. Mnyamwezi alikuwa msafiri; aliona, akajaribu, akachukua kilichomfaa, akaacha kisichomfaa. Mpunga aliutafutia mahali pake mbugani katika majaruba. Mtama, uwele na karanga akaviacha juu kwenye mchanga.

Na hapa tumefika kwenye udongo. Ukimwuliza Msukuma au Mnyamwezi mkulima juu ya shamba, hakwambii tu kwamba ni zuri au baya. Atakutajia jina. Juu karibu na mawe ni udongo wa namna yake. Ukishuka kidogo ni luseni, mchanga mwepesi. Chini yake itogolo. Mahali pengine ibambasi, tabaka gumu lisilopitisha maji. Na bondeni ni mbuga, udongo mweusi upasukao wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Kila jina lina zao lake, tena lina hatari yake. Mwaka wa mvua chache mtu huponea mbugani. Mwaka wa mvua nyingi huponea kwenye luseni. Kwa hiyo mtu mwenye busara alikuwa na shamba juu na shamba chini. Afisa mgeni akimwona ana vipande vitatu vilivyotawanyika aliweza kumwita mvivu asiyejua mpango, kumbe ule ndio mpango.

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Amani, Bwana G. Milne, alitangaza fikira yake kwamba katika nchi zetu udongo hufuatana kutoka kilimani hata bondeni kama pete za mnyororo, akauita mfuatano huo katena, yaani mnyororo kwa Kilatini. Fikira hiyo ikaenda ulimwenguni pote, na hata leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali huifundishwa. Simnyang'anyi Bwana Milne heshima yake. Alikuwa mtu wa kutembea na kutazama, na kuuona mnyororo mzima si kazi ndogo. Nasema tu kwamba kila pete ya mnyororo ule ilikuwa na jina katika kinywa cha mkulima kabla ya kupata namba katika ramani.

Tazameni sasa jambo lililotokea pale majina hayo yalipopuuzwa. Mwaka 1947 ulianza ule mpango mkubwa wa karanga, nao ulichagua mahali patatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mbili za kwanza ziko kwenye mkondo wa njia yetu ya zamani, na Urambo ndipo palipokuwa makao ya Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884. Hesabu ya mpango iliandikwa vizuri sana: ekari 3,210,000. Matingatinga yakaletwa. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kiasi cha kuvunja vyuma, na karanga huzaa chini ya ardhi, itang'olewaje? Nayo mvua ya Ugogo haisomi mipango. Mgogo yeyote angeweza kuyasema hayo, kama angeulizwa. Januari 1951 mpango ukaachwa, na fedha zilizopotea zilikadiriwa kuwa kama pauni milioni 36. Urambo ikageuzwa kuwa nchi ya tumbaku, na habari za tumbaku nitazirudia, maana mabani yake yanawaka mpaka leo.

Basi, Bwana Mwenyekiti, niseme juu ya ngitili, kwa kuwa hapo ndipo palipo mfano ulio bora, tena si wa mbali. Katika Usukuma, na vivyo hivyo upande wa Nzega na Kahama, palikuwa na desturi kwamba mvua ianzapo, sehemu fulani ya malisho hufungwa. Hakuna ng'ombe aingiaye. Majani huota, miti michanga huinua vichwa, na kiangazi kikikaza, malisho mengine yakiisha, sehemu ile hufunguliwa kidogo kidogo, kwanza kwa ndama, kwa wanyama wadhaifu na kwa ng'ombe wa kulimia. Ngitili moja yaweza kuwa ya nyumba moja, na nyingine ya kijiji. Humo watu hupata pia nyasi za kuezeka, kuni, fito, matunda na dawa. Haina seng'enge. Ua wake ni kujulikana kwake. Na avunjaye hupelekwa mbele ya dagashida, baraza la watu wote, akatozwa faini.

Desturi hiyo ilikaribia kufa, wala haikufa yenyewe. Tangu miaka ya 1920 mapori mengi ya Shinyanga yalifyekwa ili kufukuza mbung'o. Kisha yakaja mashamba ya pamba, na ng'ombe wakazidi kuongezeka. Mwaka 1947 ukaanzishwa mradi mkubwa wa maendeleo ya Usukuma wenye amri nyingi, hata za namna ya kutengeneza matuta na za kupunguza ng'ombe, na watu wakazichukia amri hizo na kuzipinga katika miaka ya 1950. Nikumbushe kwamba Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na matuta yao tangu zamani: kila mwaka tuta la zamani hupasuliwa, nyasi na mabua yaliyo mferejini yakafunikwa kwa udongo, na pale palipokuwa mfereji pakawa tuta jipya, hivyo majani yakaoza chini ya mbegu. Watu hawa hawakuchukia matuta. Walichukia kupigwa faini na mtu asiyeuliza. Halafu, katikati ya miaka ya 1970, watu wakahamishiwa katika vijiji, na ngitili nyingi zikabaki mbali na wenyewe, na kitu kilicho mbali na mwenyewe ni cha kila apitaye. Katika miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo wengi huijua kwa jina la HASHI, na baadaye ikasaidiwa na Norway na wataalamu wa ICRAF. Mwanzoni walifanya kama ilivyo kawaida: vitalu, miche, na miti ya kigeni. Kisha wakafanya jambo lisilo la kawaida, nalo ni kuuliza. Wazee wakajibu kwamba miti haina haja ya kuletwa kwa gari. Mashina na mizizi imo ardhini bado, ifungieni tu ngitili. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwaka 2004, kazi ya HASHI ilipokwisha, zilikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002, huko Johannesburg, kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Uchunguzi uliofanywa mwisho wa kazi ulikadiria kwamba vitu vipatikanavyo ngitilini vilikuwa na thamani ya dola 14 za Kimarekani kwa mtu kwa mwezi, wakati ambapo matumizi ya mtu wa shamba Tanzania yalikadiriwa kuwa dola 8 na nusu.

Husemwa kwamba yote hayo ni ushindi wa mila. Mimi nasema ni ushindi wa mila na daftari pamoja, maana ngitili zilizosimama ni zile ambazo serikali ya kijiji ilikubali kuziandika, zikapata sheria ndogo, zikapata mpaka unaotambuliwa na wilaya. Dagashida na sungusungu walilinda. Muhtasari wa mkutano ukathibitisha. Mtu akija na kibali chake mkononi kutoka mjini, mzee hana la kumwonyesha isipokuwa karatasi nyingine.

Lakini daftari lina ubaya wake. Palipoandikwa ngitili za nyumba moja moja, wenye ng'ombe wengi na ardhi nyingi ndio waliopata kubwa. Maskini asiye na ng'ombe, na mjane aliyekuwa akichuma mboga na kuokota kuni humo kwa ruhusa ya mdomo tu, ruhusa ile haikuandikwa mahali popote. Karani aliuliza, "Mwenye mali ni nani?" akaandika jina moja. Hakuuliza, "Nani mwingine huingia, na wakati gani?" Jina moja likaingia, haki za watu kumi zikatoka, wala karani hakufanya dhuluma yoyote, alijaza tu nafasi iliyokuwamo katika fomu. Kisha nyasi zikaanza kukodishwa na kuuzwa. Sisemi kukodisha ni dhambi, bali nasema kwamba hapo fomu ilifanya kazi ambayo baraza halikuikusudia.

Ubaya wa pili ni wa tarehe. Mzee afunguapo ngitili hatazami kalenda. Hutazama majani ya nje yamebaki kiasi gani, maji ya lambo yameshuka wapi, na mifugo imekonda namna gani. Mwaka mmoja hufungua Julai, mwaka mwingine Septemba. Sasa sheria ndogo yataka siku, na karani, kwa kupenda unadhifu, huandika tarehe fulani ya Agosti. Mwaka wa ukame ng'ombe hufa kwa sababu tarehe haijafika; mwaka wa neema ngitili huliwa mapema kwa sababu tarehe imefika. Dawa yake ni nyepesi, ila yataka unyenyekevu: tusiandike siku, tuandike ni baraza lipi lenye mamlaka ya kutaja siku, na namna ya kuwatangazia watu. Maarifa yale hayamo katika siku. Yamo katika macho ya wanaoamua, na kitu kipaswacho kulindwa kwa sheria ni nafasi yao ya kuamua.

Turudi nyumbani Tabora, ambako jambo lenyewe si nyasi sana, bali ni pori la miyombo na nyuki wake. Kila mtu hapa amekula asali ya Tabora, lakini wachache wetu wamewauliza warinaji wanajua nini. Wanajua kwamba mtundu hutoa maua mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua, na muva hutoa maua mvua ziendapo kwisha. Kwa hiyo kuna asali ya mwanzo wa mvua, na kuna ile kubwa irinwayo karibu na Juni na Julai. Wanajua mahali pa kutundika mzinga, kwamba usiwe mbali na maji, wala usikabili upepo. Wanajua moto. Mrinaji huchoma nyasi kuzunguka mizinga yake mapema, zikiwa bado na ubichi, ili moto mkali wa mwisho wa kiangazi usikute cha kula. Kwa miaka mingi mzee achomaye pori alihesabiwa kuwa mharibifu, naye akachoma kwa siri. Kumbe huko Ndola, Zambia, katika pori la namna hii hii, majaribio yaliyoanza mwaka 1933 yalionyesha kwamba moto wa mapema huacha miti ikaendelea, bali moto wa kuchelewa, ukirudiwa kila mwaka, huimaliza miti hata pori likawa nyasi. Afisa akatazaye kila moto hukusanya kuni za moto ule mmoja mbaya.

Wala tusiwafanye warinaji kuwa malaika. Mzinga wa gome huua mti mzima, maana ukilivua gome kuzunguka shina, mti hukauka. Walipokuwa wachache na pori kubwa, hasara haikuonekana. Leo inaonekana, na warinaji wengi wenyewe wamegeukia mizinga ya mbao. Maarifa ya kweli huwa na ujuzi wa kuacha pia.

Hatari kubwa zaidi ni nyingine. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, na kuni za mabani hutoka katika miti hiyohiyo ya mtundu na muva. Mkaa hali kadhalika. Mkulima wa tumbaku si adui yetu. Ana karo ya watoto, na tumbaku ina chama cha msingi, ina mkataba, ina makisio, ina mnunuzi atajwaye katika karatasi. Muva uliosimama ukitoa maua hauna karatasi hata moja. Basi vitu viwili vikishindana mezani, kimoja kina faili na kimoja hakina, ninyi mnajua kipi kitapata sahihi. Tena upande wa Ugalla, ambako warinaji wa Sikonge na Urambo walikuwa wakienda kwa vibali tangu zamani, mwaka 2019 palifanywa Hifadhi ya Taifa, na sheria ya hifadhi za taifa ni kali kuliko ile ya pori la akiba. Kwa hiyo pori lililobaki kwa mrinaji ni lile la kijijini, na hilo ndilo linalopungua.

Sheria haikutunyima njia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, yatoa nafasi kwa kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya wote na kuiandika katika daftari lake, kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, yaruhusu msitu wa hifadhi wa kijiji. Na Sheria ya Ufugaji Nyuki, Na. 15 ya mwaka huohuo, yaruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake ya nyuki. Daftari lipo, na anayeliandika ni mmoja wetu, yaani Afisa Mtendaji wa Kijiji au msaidizi wake, na nakala hufika masijala ya wilaya, ambako pia yuko mmoja wetu.

Kwa hiyo natoa shauri, nalo ni dogo kwa makusudi. Kila mwanachama aliye katika kijiji au kata achukue karatasi moja, aende kwa warinaji, kwa wachungaji na kwa wanawake wachumao kuni na uyoga, asiende kwa mwenyekiti peke yake. Aandike pori kwa jina walitumialo wenyewe. Miti ipewe majina ya Kinyamwezi, na ya kitaalamu yaweza kufuata baadaye. Aandike nani huingia, kwa kazi gani, msimu gani. Aandike nani huamua siku ya kuchoma, ya kurina na ya kufungua. Asiandike jina la mwenye mali mpaka hayo mengine yameisha kuandikwa. Kisha karatasi isomwe kwa sauti mbele ya mkutano wa kijiji, kwa lugha ya watu, kabla ya kugongwa muhuri. Na palipo na ugomvi, ugomvi nao uandikwe, usisafishwe.

Nimeulizwa kabla ya kikao hiki kama wazee watakubali maarifa yao yaandikwe, maana wengine huona ni kuwanyang'anya. Hofu hiyo ni ya haki, na kuna mambo, hasa ya dawa na ya matambiko, ambayo hayatuhusu na yasiulizwe. Wazee walioketi hapa mbele wameniambia kwamba watajibu hilo wao wenyewe, nami sina ruhusa ya kuwatangulia. Bwana Katibu amekubali kupokea karatasi kutoka Sikonge, Urambo, Kaliua, Uyui na Nzega kabla ya mkutano ujao, na aombaye mfano wa karatasi aandike kwake. Sasa, Bwana Mwenyekiti, nawaachia wazee nafasi.